Kripto Haina Maficho Tena: Mbona Soko la Bitcoin Linataka Kitambulisho na Sura Yako

Unafungua programu ya kuuza dola zako za kripto, na kabla hujaguza hata bob, simu inakuambia uweke kitambulisho mbele ya kamera. Upande wa mbele, upande wa nyuma. Halafu ugeuze kichwa kushoto, kulia, ufunge na kufungua macho. Wasee wengi wakifika hapo wanauliza swali moja: si tuliambiwa hii doo haina benki, haina serikali na haina mtu wa kukuuliza jina?

Hiyo stori imeisha. Oktoba 15, 2025, Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali, na Novemba 4 mwaka huo ikaanza kufanya kazi. Ni sheria ya kwanza Kenya iliyoandikwa mahususi kwa biashara za kripto. Sasa anayeendesha soko la kripto hapa nchini anatakiwa kuwa na leseni, na mwenye leseni anatakiwa kujua mteja wake ni nani.

Kama unalipwa kazi za mtandaoni kwa USDT, kama unauza na kununua kwa P2P ukitumia M-Pesa, ama kama una vipande vya Bitcoin ulivyonunua ukangoja viomoke, hii inakuhusu. Tulia tuelewane: ni nini kimebadilika, nani anaona nini, na ni wapi unaweza kuumia.

Kabla ya sheria: kila mtu na bahati yake

Desemba 2015, Benki Kuu ya Kenya, CBK, ilitoa onyo kwa umma: Bitcoin si pesa halali Kenya, haisimamiwi na mtu, na ukipoteza hakuna wa kukulipa. Onyo likabaki onyo. Hakukuwa na sheria ya kukataza, hakukuwa na sheria ya kuruhusu.

Watu hawakungoja. Shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 asilimia 8.5 ya Wakenya walikuwa na kripto. Hao ni watu zaidi ya milioni 4. Wengi hawakuingilia benki. Waliingilia P2P: wewe una shilingi, mwingine ana sarafu, jukwaa linashikilia sarafu katikati mpaka muuzaji athibitishe kwamba M-Pesa imeingia.

Siku hizo majina hayakuwa kitu. Jukwaa la LocalBitcoins la Finland, lililoanza 2012, liliruhusu hata watu kukutana ana kwa ana na kulipana taslimu. Binance, soko kubwa kuliko yote duniani, kwa miaka iliruhusu mtu mwenye barua pepe tu kutoa hadi Bitcoin 2 kwa siku bila kuonyesha kitambulisho. Hebu fikiria. Ukitaka kufungua akaunti ya benki ya thao tano unaulizwa PIN ya KRA, lakini Bitcoin mbili unatoa kwa jina la utani.

Ukweli ambao wengi hawakuambiwa

Sasa hapa ndipo watu walichanganywa. Kripto haikuwahi kuwa siri kamili, hata siku hizo za jina la utani.

Bitcoin inaandikwa kwenye daftari moja kubwa linaloitwa blokicheni. Kila muamala uko pale: kiasi, muda, anwani iliyotuma na anwani iliyopokea. Daftari hilo haliko ofisini kwa mtu. Liko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na halifutiki. Kitu pekee kinachokosekana ni jina. Badala ya jina kuna anwani, msururu mrefu wa herufi na nambari.

Chukulia ni kama duka la mtaani lenye kitabu cha madeni kilichobandikwa ukutani. Kila mtu anaona kwamba "Masharubu" alikopa unga Jumatatu na akalipa Ijumaa. Mgeni hajui Masharubu ni nani. Lakini siku moja tu mtu akijua, hajajua deni moja. Amejua madeni yote ambayo Masharubu amewahi kukopa, tangu siku ya kwanza.

Uliza Ilya Lichtenstein. Agosti 2016, soko la Bitfinex lilivamiwa na Bitcoin 119,754 zikahamishwa. Kwa bei ya wakati huo zilikuwa dola milioni 70 hivi. Kwa miaka zile sarafu zilisukumwa huku na kule kupitia anwani nyingi ili kufuta nyayo. Wapelelezi wa Marekani hawakuwa na haraka. Walifuata daftari, hatua kwa hatua, mpaka baadhi ya sarafu zikafika kwenye akaunti za masoko ambako kulikuwa na majina ya watu. Februari 2022 walimkamata Lichtenstein na mkewe Heather Morgan, wakanasa Bitcoin zaidi ya 94,000 zilizokuwa na thamani ya dola bilioni 3.6 kufikia siku hiyo. Baadaye Lichtenstein alikiri kwamba ndiye aliyedukua, na Novemba 2024 akahukumiwa miaka 5.

Ona alikokwama. Miaka ilipita bila mtu kumshika, lakini mwizi wa Bitcoin naye anahitaji kula. Lazima siku moja ageuze sarafu ziwe pesa ya kununua vitu. Huo mlango wa kutoka kwenye kripto kuingia kwenye pesa za kawaida ndio serikali zote zimeamua kuukalia.

Kwa nini mlango, na kwa nini sasa

Serikali haiwezi kuzima Bitcoin. Hakuna ofisi ya kuvamia wala mkurugenzi wa kuita. Lakini soko la kripto ni kampuni. Lina wafanyakazi, lina akaunti ya benki, lina mtu wa kushtaki. Kwa hivyo ukitaka kujua nani ana nini, unaenda kwa kampuni.

Mwongozo unatoka kwa FATF, jopo la kimataifa linalopambana na utakatishaji wa pesa na ufadhili wa ugaidi. Juni 2019 FATF ilisema masoko ya kripto yafuate masharti kama ya benki: yamjue mteja, yaweke rekodi, yaripoti miamala yenye kutiliwa shaka. Ikaongeza kanuni nyingine. Ukituma kripto ya zaidi ya dola 1,000 kutoka soko moja kwenda lingine, jina lako na la unayemtumia yanatakiwa kusafiri pamoja na hiyo doo, soko kwa soko.

Mwaka huo huo LocalBitcoins ikaondoa biashara ya taslimu na kuanza kudai vitambulisho. Februari 2023 ikatangaza inafunga kabisa. Agosti 2021 Binance nayo ikatangaza kila mteja lazima athibitishwe. Hilo halikuiokoa na yaliyopita. Novemba 2023 ilikiri makosa mbele ya mahakama Marekani na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4.3. Mwanzilishi wake, Changpeng Zhao, alifungwa miezi 4 mwaka wa 2024, na Oktoba 2025 Rais Donald Trump akamsamehe. Kosa kuu lilikuwa lipi? Kufungulia watu mlango bila kuuliza wao ni nani, na kunyamaza hata pale miamala iliponuka.

Masoko mengine yaliona hayo yakachanuka. Ndiyo maana programu ilianza kukudai selfi hata kabla Bunge letu halijapitisha kitu.

Kenya ilikuwa na presha yake. Februari 2024 FATF iliiweka kwenye orodha ya kijivu, yaani nchi ambazo ulinzi wake dhidi ya pesa chafu una mashimo na zinachunguzwa kwa karibu. Nchi ikiwa huko, benki za nje zinaitazama kwa jicho la pembeni na kutuma pesa kunakuwa kugumu. Kripto bila sheria ilikuwa shimo mojawapo. Bunge likaliziba Oktoba 2025.

Sheria yenyewe inasemaje

Kazi imegawanywa kwa ofisi mbili. CBK inasimamia upande wa malipo: watoa waleti, wanaopitisha malipo, na sarafu thabiti zinazofungwa kwa thamani ya pesa kama dola. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, inasimamia masoko yenyewe, madalali na washauri wa uwekezaji.

Mwenye kutaka leseni lazima awe kampuni, si mtu binafsi na simu yake. Lazima awe na ofisi Kenya. Lazima pesa na sarafu za wateja ziwekwe kando na za kampuni. Na lazima afuate sheria za kuzuia utakatishaji wa pesa, na hapo ndipo kitambulisho na selfi yako vinapoingilia.

Kitu cha kushika sana: kuwepo kwa sheria hakumaanishi kila programu unayoiona imepewa leseni. Katika tangazo la pamoja la Novemba 2025, CBK na CMA zilisema hazikuwa zimempa leseni yeyote chini ya sheria hiyo. Kwa hivyo msee akikuambia "sisi tuko na leseni ya serikali", usimwamini kwa mdomo. Uliza nambari, kisha ucheki na CBK ama CMA wenyewe.

Upande wa ushuru nao umegeuka. Kuanzia Septemba 2023 kulikuwa na ushuru wa asilimia 3 kwa thamani yote unayohamisha. Ukiuza kripto ya thao kumi, soo tatu zinaenda, hata kama umepata hasara. Sheria ya Fedha ya 2025 iliufuta. Badala yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa ada ambayo jukwaa linakutoza. Kama ada ni soo moja, ushuru ni bob kumi. Huo ni unafuu wa kweli. Lakini usijidanganye kwamba KRA imeondoka. Mapato ya kazi yako ni mapato, hata ukilipwa kwa USDT, na sasa kuna kampuni yenye rekodi ya kuonyesha uliingiza ngapi.

Nani anaona nini

Hapa tuweke mambo wazi, kwa sababu wengine wanaogopa kupita kiasi na wengine wamelala.

Soko lako linaona kila kitu: jina, kitambulisho, sura, nambari ya simu, kifaa unachotumia, ulinunua lini, uliuza kwa nani, na anwani ulizotuma. Anwani hizo ndizo zinazounganisha jina lako na lile daftari lisilofutika.

Kituo cha Kuripoti Fedha, FRC, kinapokea ripoti kutoka kwa kampuni zinapoona muamala wa kutiliwa shaka. Wewe huambiwi. Kampuni ikikuchongolea kwamba imekuripoti, yenyewe inavunja sheria.

Polisi na DCI wanafika pale wanapokuwa na uchunguzi, kwa njia za kisheria kama amri ya mahakama.

Masoko mengine yanaona jina lako ukiwatumia wateja wao kiasi kikubwa, kwa ile kanuni ya majina kusafiri.

Jirani yako, bosi wako na jamaa wa mtaani hawaoni kitu. Isipokuwa wewe mwenyewe uwape anwani yako. Ukimpa mtu anwani ili akulipe soo tano, amepata pia uwezo wa kuangalia daftari na kuona anwani hiyo ina ngapi na imepokea kutoka wapi. Wengi hawajui hili, na ndiyo maana waliozoea wanatumia anwani mpya kila wanapopokea.

Rekodi zako zinakaa muda gani? Sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa inataka zihifadhiwe angalau miaka 7 baada ya muamala. Kufuta programu kwenye simu hakufuti kitu huko nyuma.

Upande mzuri upo

Ni rahisi kulia kwamba sirkal imekuja kuharibu sherehe. Lakini kumbuka sherehe yenyewe ilikuwa na wizi.

Februari 2014, Mt. Gox ya Japan, iliyokuwa soko kubwa la Bitcoin wakati huo, iliporomoka na kusema Bitcoin kama 850,000 hazionekani. Novemba 2022 ilikuwa zamu ya FTX. Wateja walidhani sarafu zao zimekaa, kumbe zilikopeshwa kampuni ndugu na kuchezewa. Dola bilioni 8 za wateja zikakosekana. Sam Bankman-Fried, aliyeiongoza, alihukumiwa miaka 25 Machi 2024.

Lile sharti la kuweka mali ya mteja kando lingekuwa na maana sana kwa hao watu. Na hapa nyumbani, mtu akitapeliwa na programu iliyofunguliwa na wasee wasiojulikana, wenye nambari ya WhatsApp tu, hana pa kwenda. Karao atamuuliza: unamshtaki nani? Ofisi, leseni na jina la mkurugenzi ni jibu la hilo swali. Kitambulisho kinachokukera wewe ndicho kingemkera pia mkora aliyemwibia mathe wako akiba ya chama.

Kwa hivyo kwamba soko lijue wateja wake, hiyo inaeleweka. Shida kubwa iko mahali pengine: hizo nakala za vitambulisho na sura zetu zinakaa wapi, na nani anazishika?

Hapa ndipo kuna noma

Mei 2025, soko la Coinbase la Marekani, lenye leseni na lililo kwenye soko la hisa, lilitangaza kwamba wahalifu waliwahonga baadhi ya wahudumu wa wateja walioajiriwa ng'ambo. Hakuna aliyevunja mfumo wowote. Watu walilipwa tu watoe data. Yakatoka majina, anwani za nyumbani, nambari za simu, picha za vitambulisho, hata salio na historia ya miamala. Watu 69,461 waliathirika. Wahalifu walidai dola milioni 20 ili wanyamaze. Coinbase ilikataa, ikaweka kiasi hicho hicho kama zawadi kwa atakayesaidia wakamatwe.

Neno la siri likivuja, unabadilisha. Sura na tarehe ya kuzaliwa hubadilishi. Na orodha inayosema "huyu anakaa hapa na ana kripto kiasi hiki" ni ramani ya mwizi. Januari 2025 huko Ufaransa, David Balland, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya waleti ya Ledger, alitekwa nyara na mkewe, akakatwa kidole huku watekaji wakidai fidia ya kripto. Yeye alikuwa anajulikana. Data ikivuja, mtu wa kawaida naye anajulikana.

Kenya tumeshaonja kitu cha kufanana. 2023 maelfu ya watu walipiga foleni Nairobi wakaguliwe mboni za macho na Worldcoin, kwa sarafu zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha zoezi. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba data ilikusanywa kinyume cha sheria na ikaamuru ifutwe. Karibu miaka miwili baada ya pesa kuliwa. Watu walitoa macho kwanza, maswali yakaja baadaye.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Inakupa haki ya kuuliza kampuni ina nini kukuhusu, kurekebisha makosa, na kudai data ifutwe pale ambapo hakuna sababu ya kisheria ya kuishikilia. Inaitaka kampuni imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 ikigundua data imevuja. Sawa. Lakini angalia faini ambayo Kamishna anaweza kutoza: hadi shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kwa kuchukua kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa soko linalopitisha mabilioni, hiyo ni pesa ya chai.

Hapo ndipo mizani haijakaa sawa. Mwananchi anatakiwa kutoa kila kitu kabla ya kupewa huduma, na kampuni ikipoteza hicho kila kitu, adhabu yake inaweza kuwa ndogo kuliko bei ya gari la mkurugenzi. Anayetaka sheria hii ifanye kazi vizuri angeanzia hapo: atakayelazimishwa kukusanya sura za watu aadhibiwe vikali akizimwaga.

Mitego inayonasa mahasla

Sheria ikibana, watu hutafuta vichochoro. Vingine vitakuweka pabaya kuliko sheria yenyewe.

Cha kwanza ni kukodisha akaunti. Mtu anakupa elfu chache ufungue akaunti kwa kitambulisho chako na sura yako, kisha umwachie aitumie. Inaonekana ni doo ya bure. Lakini rekodi zote zinasema ni wewe. Akipitisha pesa alizoibia watu, mlango unaobishwa asubuhi ni wa keja yako, na sentensi "si mimi, nilikodisha" ni kukiri kwamba ulitoa kitambulisho chako kitumiwe na mtu usiyemjua.

Cha pili ni P2P yenye majina yasiyolingana. Unauza USDT kwa mtu ambaye akaunti yake ina jina moja, halafu M-Pesa inaingia kwa jina la mtu mwingine kabisa. Anakuambia ni ya ndugu yake. Mara nyingi huyo "ndugu" ni mtu aliyetapeliwa mahali, ameambiwa atume kwa nambari yako. Akiripoti, nambari inayoonekana ni yako, na pesa zako zinaweza kuzuiwa uchunguzi ukiendelea. Jina lisipolingana, usiachilie sarafu. Peleka malalamiko kwa jukwaa, mrudishie kwa njia ya jukwaa, usibishane naye kwenye WhatsApp.

Cha tatu ni kutumia VPN kujifanya uko nchi nyingine. Soko likigundua baadaye kwamba kitambulisho ni cha Kenya na kila siku unaingia ukijiita uko kwingine, linaweza kufunga akaunti pesa zikiwa ndani. Umejificha na umejifungia nje.

Cha nne ni hao wanaojitolea "kukuthibitishia akaunti" kwenye Telegram ama Facebook. Unawatumia picha za kitambulisho na selfi, na wewe ndiye umevujisha data yako kwa hiari.

Njia halali ya kubaki na faragha kiasi

Kuwa na waleti yako mwenyewe, ambayo funguo unazishika wewe, si kosa. Sheria inashika wanaofanya biashara ya kuhudumia wengine. Ukinunua kwenye soko na kuhamishia kwenye waleti yako, soko linajua ulihamisha ngapi na wapi, lakini haliwezi kuzuia kilichotoka, na likiporomoka hauporomoki nalo. Gharama yake ni moja: ukipoteza yale maneno 12 ama 24 ya kurejesha waleti, hakuna huduma kwa wateja. Yaandike kwenye karatasi, uyafiche, usiyapige picha.

Kabla hujatoa kitambulisho, uliza kampuni iko wapi na inasimamiwa na nani. Programu uipakue kutoka duka rasmi, si kwa linki ya mtu. Tumia barua pepe ambayo huitumii kwa mambo mengine, na uweke uthibitisho wa hatua mbili kwa programu badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu laini inaweza kubadilishwa na mkora. Mtu akikupigia akijiita ni wa soko lako, akitaja mpaka salio lako, kata. Baada ya ile ya Coinbase, kujua salio lako hakumaanishi kwamba anafanya kazi huko.

Weka rekodi zako pia. Kila mwezi pakua orodha ya miamala uihifadhi. Siku benki ama KRA itakapouliza hizi laki mbili zimetoka wapi, jibu lenye karatasi linaisha kwa dakika kumi. Jibu la "ni kripto tu, buda" litakuchukua wiki.

Na data yako ikivuja ama kampuni ikikataa kukuambia ina nini kukuhusu, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inapokea malalamiko, na sheria inaipa siku 90 kuyamaliza. Ni bure kulalamika. Wakenya waliopeleka kesi ya Worldcoin mahakamani walionyesha kwamba kampuni kubwa ya kigeni inaweza kuamriwa ifute.

Tumepita hapa tena. Mwisho wa 2012, laini za simu ambazo hazijasajiliwa zilizimwa, na watu wakalalamika vivyo hivyo. Leo hakuna anayekumbuka kwamba kuna wakati ulinunua laini kama unavyonunua peremende. Kripto iko njia hiyo hiyo, na haitarudi nyuma. Kabla ya selfi inayofuata, cheki kwanza kama hiyo kampuni iko kwenye orodha ya CBK ama CMA. Kama haiko, weka simu mfukoni.